Mutindi na Kiti cha Kuazima

Kila asubuhi nyumbani kwa Kavata, karibu na soko la Tulia, kulikuwa na vita vya vyuma.

Vita vilianza baada ya uji. Kavata alikaa kwenye kigoda. Binti yake Mutindi alikaa mbele yake juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Mama alishika vyuma vya miguu na kuvuta mikanda. Mtoto alishika sikio la mama, naye akavuta. Mkanda ukibana, na sikio linabanwa. Hivyo maumivu yaligawanywa bila upendeleo.

"Mama, unanifunga kama mzigo wa kuni," alisema Mutindi.

"Kuni hazilalamiki. Lete mguu wa pili."

Mutindi alikuwa na miaka kumi. Alipokuwa mdogo aliugua polio, na miguu yake ikakosa nguvu. Hospitali ya Kitui ilimpa vyuma viwili vya kuishikilia miguu ili isikunjike. Kwa vyuma na magongo, Mutindi aliweza kusimama na kutembea. Alifika darasa la tatu. Aliimba kwaya. Alipigana na watoto waliomwita majina, na gongo lilimsaidia.

Lakini mtoto hukua, na chuma hakikui. Kiungo cha chuma, ambacho kilitakiwa kukaa kwenye goti, sasa kilikuwa kimebaki chini ya goti. Kila hatua kilimkwaruza. Palikuwa na kidonda.

Tena njia ya shule ilipitia mtoni. Mto ule ulikuwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, mchanga mtupu. Gongo likiingia, linazama. Kwa hiyo Kavata alimbeba Mutindi mgongoni kila siku mpaka ng'ambo, kisha akarudi shambani akiwa ameshachoka kabla ya kushika jembe.

"Mwaka huu watanipimia vingine?" Mutindi aliuliza.

"Watakupimia. Kalunde atatupeleka kama kawaida."

Kalunde alikuwa mratibu wa kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu pale Tulia. Yeye ndiye aliyewapeleka watoto hospitalini, akafuatilia vifaa vyao, na kuwasemea wazazi ofisini. Alikuwa mama mzima, mwenye wajukuu, na sauti yake ilisikika toka kanisani mpaka kwenye kinu cha kusaga unga. Watu walimpenda. Akikuambia kaa, unakaa. Akikuambia kula, unakula mara mbili.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa rahisi. Mwaka ukifika, aliwakusanya watoto na kuwapeleka Kitui. Hospitali ilipima. Serikali ililipa hospitali moja kwa moja. Vyuma vilitoka. Hakuna aliyemwuliza Kalunde kitu zaidi ya majina ya watoto.

Kisha mambo yakabadilika.

Naibu wa chifu alitangaza kwenye baraza. Alisema pesa za vifaa hazitaenda tena hospitalini moja kwa moja. Sasa zitapitia kamati ya wilaya. Kila kikundi kitatembelewa na afisa. Afisa ataangalia watoto wanaishi vipi na wanahitaji nini. Kamati itasikia maneno ya afisa, halafu itaamua nani atangulie na nani angoje mwaka mwingine.

"Waratibu wote mjitayarishe," alisema naibu wa chifu. "Msije mkasema hamkuambiwa."

Kalunde aliambiwa. Shida ni kwamba katika maneno yote yale alisikia moja tu: mgeni. Alipojua kuna afisa anakuja kutembelea, masikio yaliziba, na mkono ukaanza kutafuta sufuria.

Jioni ile ile alifika kwa Kavata.

"Mwanangu, tutatembelewa," alisema. "Tutachinja kuku. Watoto waoge, wavae nguo za kanisani. Mutindi tutamvalisha gauni refu, lifunike vile vyuma vibaya."

"Lakini, mwaitu, si afisa anataka kuviona hivyo vyuma?" Kavata aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Umeona wapi mgeni akionyeshwa vidonda kabla ya chai? Atasema watoto wa Tulia hawatunzwi. Unataka tuaibike?"

Kavata hakutaka aibu. Nani anataka? Katika nyumba za Tulia, mgeni akija, kikombe kilichovunjika mkono kinafichwa. Mtoto mwenye kikohozi anapelekwa kwa jirani. Mgeni hupewa kizuri, na kibaya kinabaki jikoni na wenyewe. Hivyo ndivyo Kalunde alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyolea wengine.

"Na tena," alisema Kalunde, "nitaazima kile kiti cha magurudumu cha mzee wa pale sokoni. Mutindi atakaa vizuri kama bibi arusi."

Kiti hicho kilikuwa na historia yake. Mzee alikipata kwa wafadhili fulani zamani. Siku ya kwanza kilimfikisha langoni kwake. Hapo mchanga ukameza magurudumu, na mzee akarudi ndani kwa mgongo wa mtoto wake. Tangu siku hiyo wajukuu walikitumia kubebea mitungi ya maji pale ardhi ilipokuwa ngumu, na kuku mmoja alikipenda sana wakati wa kutaga.

Kalunde alimfukuza kuku. Alikiosha kiti kwa sabuni, akakipaka mafuta. Kilipong'aa, hata yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba kinafaa.

Afisa alikuja. Jina lake Muthama, kijana mpole, mwenye haraka, kwa sababu alikuwa na vikundi vingi vya kutembelea. Alipokelewa kwa nyimbo kwenye uwanja wa kanisa. Uwanja ulikuwa mgumu, umefagiwa. Mutindi alikuwa katikati, kwenye kiti, gauni limefika kwenye vidole vya miguu.

"Hujambo, Mutindi," alisema Muthama. "Unaendeleaje?"

"Vizuri, asante," alisema Mutindi, kama alivyofundishwa.

"Hiki kiti kinakusaidia?"

Mutindi alimtazama Kalunde. Kalunde alitikisa kichwa kumwitikia.

"Ndiyo," alisema Mutindi.

Muthama alimgeukia Kalunde. "Mama, mna shida gani hapa ambazo kamati ingefaa kujua?"

"Shida ni nini? Sisi hatuna shida, mwanangu," alisema Kalunde. "Kula kwanza."

Muthama alikula. Kuku, chapati, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, pamoja na kunde. Alishukuru sana akaenda zake. Wanawake walipongezana mpaka giza likaingia. Walisema Tulia haijawahi kupokea mgeni hivyo.

Jibu la kamati lililetwa na naibu wa chifu mwenyewe. Alilitoa akiangalia chini. Kikundi cha Tulia kilionekana kinaendelea vizuri. Watoto wametunzwa na vifaa wanavyo. Kwa hiyo msaada utatangulia kwenye vikundi vyenye shida zaidi, na Tulia itangoja mwaka ujao.

Kalunde aliondoka kabla ya chai. Watu hawakuwa wamezoea.

Wakati huo kidonda cha Mutindi kilikuwa kimekua. Muuguzi wa zahanati alisema vyuma visivaliwe tena, la sivyo mguu utaharibika. Vyuma vikatundikwa ukutani. Mutindi akarudi kutambaa, kama alivyotambaa kabla hajaingia shule. Darasani hakutaka kwenda. Alisema hawezi kutambaa mbele ya watoto ambao aliwapiga kwa gongo mwezi uliopita.

Kavata alikwenda kwa Kalunde. Hakubisha hodi mara mbili.

"Mwaitu, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini mtoto wangu yuko chini. Ulimweka kwenye kiti cha watu, na afisa ameandika kwamba ana kiti. Sasa nimwambie nini?"

"Nilitaka tuonekane watu," alisema Kalunde.

"Tumeonekana watu. Sasa yeye atatambaa mwaka mzima. Mwaka mzima nje ya darasa, atarudi huko tena?"

Kalunde alitoa nauli kwenye kopo, akaihesabu. Kesho yake aliamka mapema, akaenda Kitui.

Hospitalini alimtafuta Mwanamkasi. Huyu ndiye mtaalamu aliyepima watoto vyuma na kuwafundisha kutembea. Alizaliwa pale pale mjini Kitui, katika familia ya Waislamu ambayo babu zake walitoka pwani na biashara. Alikuwa rika la Kalunde. Walijuana, na walizoea kutaniana.

"Leo Kalunde umeingia bila kupiga kelele," alisema Mwanamkasi. "Umefiwa?"

Kalunde alimweleza yote. Alieleza kuhusu nyimbo, gauni na kiti. Alipofika kwenye kuku aliyefukuzwa kwenye kiti, Mwanamkasi aliziba mdomo kwa ushungi. Mabega yalitikisika.

"Cheka tu," alisema Kalunde. "Mimi nimelia, zamu yako."

"Nisamehe, dada. Si wewe peke yako. Nusu ya waratibu wa wilaya hii wamefanya hivyo hivyo, ila wengine walipika vibaya." Mwanamkasi alijifuta macho, akavuta benchi wakae wote wawili. "Sasa nisikilize. Zamani pesa zilifuata jina la mtoto. Ukitaja jina, umemaliza. Sasa pesa zinafuata hitaji. Afisa anataka kuona maisha ya kila siku. Mtoto anaamka vipi? Anaenda chooni vipi? Shule anafikaje? Nini kinamshinda, na kifaa gani kitamwezesha? Wewe ulimwonyesha sikukuu. Akaandika sikukuu."

"Kwa hiyo nimwonyeshe aibu."

"Kidonda cha mtoto ni aibu ya nani? Yako? Umekitia wewe?"

Kalunde alifikiri. "Hapana. Ni vyuma vimekuwa vifupi."

"Basi sema hivyo. Vyuma vimekuwa vifupi. Hilo neno moja lingetosha, na kuku wako angekuwa hai."

"Na sasa kamati imeshaamua."

"Kamati itakaa mara moja tena kabla mwaka wa fedha wa serikali haujafungwa. Kikundi kinaweza kuomba kiangaliwe upya. Lakini usingoje kuitwa. Mpango ukibadilika, mratibu ndiye anauliza: nini kinaisha, nini kinaanza, lini, na nani anaamua. Nenda kwa Muthama leo. Ofisi yake iko wazi."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya kwa chapati?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Kalunde alikwenda. Alisimama mbele ya meza ya Muthama, yeye mama mzima, akasema yote bila kuzunguka. Muthama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hata mimi nina makosa," alisema. "Niliona kiti, sikuuliza ni cha nani. Nitarudi Tulia kabla kamati haijakaa. Lakini safari hii nitakula kwangu."

"Hata chai?"

"Chai nitakunywa. Moja."

Sasa ungefikiri Kalunde amejifunza. Alikuwa amejifunza nusu. Mwanamkasi alipofika Tulia kuwasaidia kujitayarisha, alikuta akina mama wamekaa kwenye uwanja wa kanisa wakifanya mazoezi ya kulia. Kavata alikuwa na jivu mkononi, anampaka Mutindi usoni. Kalunde alisimama mbele kama mwalimu wa kwaya.

"Huyu wa nyuma analia vizuri," alisema Mwanamkasi. "Mpelekeni redioni."

Wanawake waliacha kulia.

"Si ulisema tuonyeshe shida?" aliuliza Kalunde.

"Nilisema muonyeshe kila siku. Mutindi, wewe kila siku unapakwa jivu?"

"Hapana," alisema Mutindi. "Na linawasha."

"Mkiongeza chumvi, afisa ataonja chumvi. Akigundua jivu ni la uongo, atafikiri hata kidonda ni cha uongo. Mwosheni mtoto uso. Mambo yenu yalivyo yanatosha."

Akawafundisha namna ya kujitayarisha. Kwanza alimtuma Kalunde akakae nyumba moja moja, asubuhi mapema, aangalie bila kusema. Hiyo ya kutosema ilikuwa ngumu kuliko zote.

Kwa Kavata, Kalunde alikaa kwenye pembe ya jiko. Alimwona Mutindi akitambaa kwenda chooni, mikono ikiwa na soksi ili mawe yasimchome. Alimwona Kavata akimbeba kuvuka mchanga, kwa sababu alikuwa amemshawishi aende walau kufanya mtihani wa muhula. Aliona Kavata akisimama katikati ya mto kupumzika, kisha akipiga hatua chache na kusimama tena. Miaka yote Kalunde alijua kwamba Mutindi anabebwa. Lakini hakuwahi kuvuka naye.

Aliporudi alimwuliza Mutindi mwenyewe. "Mjukuu wangu, ukiambiwa na serikali uchague kitu kimoja, utachagua nini? Kiti?"

"Kiti sikitaki, susu," alisema Mutindi, akimwita bibi kwa Kikamba. "Kiti kinataka mtu wa kusukuma. Nataka vyuma vinavyonitosha. Na magongo yenye mpira chini, haya yanateleza."

"Mbona hukumwambia afisa hivyo?"

"Wewe ulinifundisha niseme, 'Vizuri, asante.'"

Kalunde alimeza hiyo bila maji.

Kikundi kilipokutana tena, Mwanamkasi aliwauliza swali jingine. "Katika shida zote mlizoziona, ni zipi mnaweza kuziondoa wenyewe? Serikali haiwezi kufanya kila kitu, na kamati hupenda kikundi kilichoanza."

Hapo hawakuhitaji kufundishwa. Wanawake wa Ukambani wamechimba matuta milima mizima kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo leo tunalima kwako na kesho kwangu. Walisema mtoni watapanga mawe bapa, wapate njia ngumu ya kuvukia. Mlangoni pa darasa watajaza udongo, ngazi iwe mteremko. Mutie, fundi wa baiskeli pale sokoni, alisema mikanda na misumari ya vyuma ataitengeneza yeye ikikatika, mradi aonyeshwe mara moja hospitalini.

"Vyuma vyenyewe huwezi?" Kavata alimwuliza.

"Naweza kukutengenezea mlango," alisema Mutie. "Mguu wa mtoto si mlango. Hiyo iachiwe wenye kupima."

"Sasa mmepata maneno yenu," alisema Mwanamkasi. "Hiki tunafanya wenyewe. Hiki tutakitunza wenyewe. Na hiki hatuwezi, tunaomba. Kalunde, jaribu."

Kalunde alisimama. Alikohoa. "Njia ya mtoni tunaitengeneza wenyewe. Vyuma vikikatika mkanda, fundi tunaye. Lakini watoto wetu wamekua kuliko vyuma vyao, na kupimiwa vingine hatuwezi bila msaada. Wasipovipata sasa, watatambaa, na shule itawaacha."

Hakuna aliyelia. Lakini Kavata alimwangalia Kalunde, akainamisha kichwa kumwitikia. Walikuwa hawajaangaliana vizuri tangu siku ile ya hodi moja.

Muthama alirudi siku ya kawaida ya shule. Hakuna nyimbo, hakuna uwanja uliofagiwa. Kalunde alimpeleka moja kwa moja kwa Kavata. Mutindi alikuwa chini, soksi mikononi. Vyuma vilikuwa ukutani. Kavata alivishusha, akaviweka kando ya mguu wa mtoto. Hapakuhitajika mtu wa kueleza. Goti la mtoto lilikuwa huku, goti la chuma lilikuwa kule.

"Unatakaje, Mutindi?" Muthama aliuliza.

Mutindi alimtazama Kalunde. Kalunde aligeuka akaangalia mbuzi.

"Vyuma vya size yangu," alisema Mutindi. "Na magongo yenye mpira. Njia ya mtoni tayari, akina mama wamepanga mawe. Twende nikuonyeshe, lakini utanibeba. Mama amechoka."

Muthama alimbeba. Alikuwa na viatu vya ofisi. Alipofika kwenye mawe ya mtoni jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye tai. Alisimama hapo kwa muda, akikanyaga jiwe moja moja kuona kama linatikisika. Halikutikisika. Alirudi, akanywa chai moja, akaenda.

Kamati ilikaa. Safari hii naibu wa chifu alipoleta jibu aliangalia watu usoni. Tulia imepewa msaada. Watoto wapelekwe kupimwa.

Habari hizi zilivuka wilaya. Mratibu mmoja wa Mbumbuni, upande wa Makueni, aitwaye Muli, alikuja kwa Kalunde. Kwao pia walikuwa wameambiwa afisa atakuja.

"Mama, tumeamua kumchinjia mbuzi," alisema Muli. "Watoto tumewashonea sare."

"Kaa hapa," alisema Kalunde, na Muli akakaa. "Mbuzi mwacheni ale majani. Kwanza niambie, mtoto wa jirani yako anaenda chooni vipi?"

Muli alifikiri sana. "Sijui," alisema.

"Basi anzia hapo. Kalale kwa majirani zako kabla afisa hajafika. Uliza watoto wenyewe, na usiwaambie jibu. Kisha mseme mtakachofanya nyinyi, na mnachoshindwa. Na uende ofisini mapema, usingoje kutafutwa kama mbuzi aliyepotea."

Vyuma vipya vya Mutindi vilifika kidonda kikiwa kimepona. Vilikuwa na nafasi ya kurefushwa kidogo kadiri anavyokua. Mwanamkasi alimzoeza kwanza hospitalini, kisha nyumbani, kisha juu ya mawe ya mtoni. Mara ya kwanza Kavata alitembea nyuma yake, mikono ameitanua kama mtu anayekamata kuku. Baada ya wiki aliishusha mikono. Baada ya mwezi alibaki upande huu wa mto, akarudi shambani na mgongo mwepesi.

Kabla muhula haujaisha, mwalimu alimwita Kavata shuleni. Kavata alikwenda mbio. Alifikiri mtoto ameanguka.

"Mutindi anachelewa kila asubuhi," alisema mwalimu. "Anakaa mtoni na wenzake, wanapiga domo mpaka kengele inalia. Nimempa adhabu ya kufagia darasa kama wengine."

Kavata alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akatafuta maneno makali, akakosa.

"Afagie, mwalimu," alisema. "Afagie mpaka pembeni."

Akaondoka. Alipopita dirishani alimwona binti yake ndani, amesimama wima, gongo moja kwapani na ufagio mkono wa pili, analalamika.